Bi Mize Ampimia Fahali Mpaka

Nyinyi mliokaa hapo, nani kazaliwa ufuoni, kisha akaombwa kibali cha kuukanyaga?

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Penye maji na mchanga!

Basi alikuwepo Bi Mize, kaa mdogo, tumbo limejaa mayai. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, zilikuwa zimefika, na mayai ya kaa yakikosa maji ya bamvua hukauka. Akateremka kutoka vichakani, chakara-chakara, upandeupande. Ghuba ya kwanza: mchanga mweupe kama unga wa muhogo. Chakara-chakara, ya pili: maji ya kijani, samaki unawahesabu mapezi. Chakara-chakara, ya tatu ikamsimamisha. Mawimbi yalikunjuka kama kanga mpya dukani. Uzuri wa kumsahaulisha mja uchungu wake.

Lakini zote alizitazama kwa nje, kupitia uzio wa miiba. Langoni kasimama Fahali, kaja juzi kutoka malisho ya katikati ya kisiwa. Akamtaka Bi Mize kibali, picha mbili za paspoti, na uzoefu wa miaka mitano wa kukanyaga mchanga. Bi Mize akamweleza kuwa kazaliwa palepale.

“Kuzaliwa si eksipiriensi,” akasema Fahali. “Hapa praivet. Kutoka kwenye majani mpaka maji yanapoishia, pangu.”

Bi Mize akachungulia nyuma ya Fahali. Maji yanapwa, yanakwenda mbali.

“Shikamoo, bwana mkubwa. Bahari imekuona, imekimbia. Maji sasa yameishia kule, na kule huna kigingi. Pweza akikutangulia je?”

Fahali akabeba vigingi, kwata, kwata. Maji yanarudi nyuma, yeye anakwenda mbele. Anapiga kigingi, ko! Anasogea, anapiga kingine, ko! Akafika fungu la mchanga la mwisho, akatanua kifua kama sultani. Nyuma yake mkondo ukaanza kujaa, kimya.

Bi Mize akapita langoni, akajiketia mchangani. Maji yakamfuata yenyewe, shwaa. Akatikisa tumbo, mayai yote yakaingia baharini salama.

Kule funguni Fahali akalia mooo, akaomba aokolewe.

“Tupime kwanza, bwana mkubwa. Maji yameishia wapi?”

Fahali akajibu polepole: “Shingoni.”

“Basi mpaka ndio huo. Kichwa ni chako, kilichobaki ni cha bahari.”

Maji yalipopwa tena, Fahali alirudi malishoni bila kugeuka.

Ngano yangu imepwa. Anayetaka mawimbi akayatafute. Funzo lake: waheshimuni wakubwa, daima wanajua wanakokwenda.

Nanyi mnaogawa fukwe kwa karatasi, ng’oeni vigingi vyenu kabla ya bamvua lijalo.