Kigelegele cha Mwatime

Haya, sogeeni karibu na mfunge mlango, maana zimwi la hadithi hii lina masikio.

Mwatime alikuwa na kigelegele cha kupasua vyungu. Kila harusi mama yake alimziba mdomo kwa kanga: "Usituaibishe!"

Siku moja zimwi likaingia harusini. Likammeza bwana harusi, likammeza mpiga zumari, likammeza mama. Mwatime akajibanza nyuma ya masufuria ya pilau, kanga ingali mdomoni. Pumzi ya moto ikamgusa shingo.

"Na huyu mbona kimya?"

Hofu ilipomfika kooni, akaing'oa kanga, akapiga kigelegele. Vyungu vikapasuka, na tumbo la zimwi likafuata. Watu wakatoka wazima.

Mama akaitupa kanga motoni.

"Piga tena, mwanangu. Mdogo wake zimwi yuko mlangoni."

Nendeni mkalale, midomo wazi.