Pembe Namba Kumi na Nne

Mtu mmoja alikuwa na pembe ya tandala aliyoachiwa na baba yake. Jina lake Sekwao, na mji wake ulikuwa mdogo, umekaa chini ya milima, na mto unapita ubavuni mwake. Baba yake aliipuliza pembe ile kwa mambo matatu tu: msiba, mtoto aliyepotea, na mto unapojaa. Kila jambo lilikuwa na mlio wake. Tena hakuwa mtu wa kupuliza na kupita. Alifika mlangoni, akangoja mwenye nyumba atoke, akamweleza huku akimtazama usoni, ndipo akaenda mlango wa pili. Siku za mto alianza na nyumba za Bondeni, zile za chini kabisa. Na watu walitoka. Mwanamke aliacha chungu mekoni, mwanamume aliacha jembe shambani, na sijasikia kwamba kuna aliyeuliza kwanza anaitwa na nani.

Baadaye mji ukapata baraza lake. Wajumbe tisa, wamechaguliwa kihalali, wala hakuna aliyelalamika. Wakamwajiri Sekwao awe anawaita watu mikutanoni. Wakampa kofia na koti la mvua, na karani akaiandika pembe kwa rangi nyeupe, maana kila mali ya baraza ilipaswa kuwa na namba. Viti vilikuwa namba moja hadi kumi na mbili, kabati namba kumi na tatu, pembe ikawa namba kumi na nne. Kisha wakamrahisishia kazi. Kwa nini milio mitatu, nani ataikumbuka? Mmoja unatosha. Kwa nini mlango kwa mlango, mzee mzima anajichosha hivyo? Apite barabara ya juu, apulize kila kona, arudi ofisini ndani ya saa moja. Kutoka barabara ya juu sauti ya mtu haifiki Bondeni, inayofika ni pembe tu. Sekwao alishukuru. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

Mkutano wa kwanza ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta wa shule. Waliulizwa soko jipya lijengwe wapi. Akina mama, waliokuja na vigoda vyao, walisema lijengwe karibu na kisima, wakaeleza na sababu, na wajumbe wakatikisa vichwa na kushukuru. Soko likajengwa kwenye njia ya malori, mbali na kisima, na sasa humo wanalala mbuzi. Mkutano wa pili ulihusu zahanati. Watu wakasema, wakapigiana makofi, wakaenda makwao. Likafanyika jambo jingine kabisa. Mkutano wa tatu watu walikuja nusu.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi husema, aa, kumbe ni habari ya wezi. Hawakuwa wezi. Laiti wangekuwa wezi, mji ungewafukuza na kazi ikaisha. Walikuwa watu wenye haraka. Kumsikiliza mtu kunachukua muda. Mtu anarudia maneno, anakohoa, anaanzia mbali. Karatasi haikohoi. Sheria iliwataka wawaulize watu, na wakubwa wa mkoani walitaka kuona karatasi inayosema watu wameulizwa. Basi wakashughulikia karatasi.

Sekwao alikuwa na binti mmoja, Perusi, fundi wa kushona, mjane, aliyekaa Bondeni peke yake na cherehani yake. Mama yake alikwisha kufa, kwa hiyo yeye ndiye aliyempikia baba yake na kumpelekea chakula kila mchana. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini jambo moja lilimnyima raha. Mto ule ulikuwa na tuta, lililojengwa na wazee kwa mikono yao, na watu wa matofali walikuwa wakichota udongo wake kidogo kidogo, mpaka mahali pamoja likabaki kimo cha goti. Nyumba ya Perusi ilitazamana na mahali hapo. Ulipotangazwa mkutano wa Jumapili moja, akakata shauri kwamba safari hii atasimama na yeye aseme.

Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano, karani alimpa Sekwao karatasi aipeleke nyumbani kwa mwenyekiti ikatiwe saini. Sekwao alisoma polepole, lakini alijua kusoma. Njiani akaifungua. Iliandikwa: Wananchi walijitokeza kwa wingi, wakajadili kwa kina, na kwa kauli moja wakakubali lijengwe lango la kukaribishia wageni mjini. Hakuna mwananchi aliyekuwa amejitokeza. Jumapili ilikuwa bado haijafika. Sekwao alisimama kando ya njia kwa muda. Alifikiria kofia yake, koti lake, magoti yake. Kisha akaikunja karatasi kama ilivyokuwa, akaipeleka. Na kesho yake akapanda barabara ya juu akaipuliza pembe kwa nguvu kuliko siku zote.

Perusi alikuja amevaa gauni lake la kanisani. Alisimama, akasema habari za tuta. Alisema mvua kubwa ikija halitazuia kitu. Alisema watu wa Bondeni wako tayari kubeba mawe wenyewe, wanachoomba ni baraza liwakataze watu wa matofali na litoe mtu wa kuongoza kazi. Watu walimpigia makofi mengi. Mwenyekiti akasema wazo zuri sana, limepokelewa. Kisha akawaomba wanaoafiki lango wanyooshe mikono juu, na watu wakanyoosha, kwa adabu tu, maana mgeni kutoka mkoani alikuwa amekaa mbele na jua lilikuwa kali. Perusi naye alinyoosha. Alidhani la kwake limekwisha kuingia.

Alipompelekea baba yake chakula siku ile, alimwuliza, "Baba, wewe unaingia ofisini kwao. Maneno yangu yameandikwa?"

"Yameandikwa, mwanangu," akasema Sekwao, akanawa mikono, akala.

Mwaka ukapita. Lango likasimama, limeandikwa KARIBUNI kwa herufi kubwa, na tuta likazidi kupungua. Perusi akaenda ofisini mwenyewe, akaomba kuusoma muhtasari wa mkutano ule. Akausoma mara mbili; tuta halikutajwa popote. Hakumlaumu baba yake wala hakumuuliza kitu. Aliendelea kumpelekea ugali na mlenda kama kawaida, akangoja vyombo, akarudi Bondeni. Ila tangu siku hiyo, pembe ilipolia, hakuinuka tena kwenye cherehani.

Mji wote ukawa hivyo. Kisimani wanawake walibuni mchezo: pembe ikilia, mmoja ananyoosha mkono juu na kusema "Tumekubali!" na wenzake wanaangua kicheko mpaka maji yanamwagika ndooni. Mchezo ukaingia majumbani. Mtu aliyekuwa anakula alinyoosha mkono na tonge lake. Sekwao aliwaona kutoka kule barabarani, na yeye akacheka nao. Msicheke ninyi. Watu wale nao hawakuwa safi. Mawe walikuwa nayo, mikono walikuwa nayo, na tuta lile baba zao walilijenga wakati hakuna baraza lolote la kuwaitia mkutano. Lakini walikwisha kuonja raha ya kudharau, na raha hiyo huwaketisha watu chini miaka mingi. Wakawa wanatuma mtu mmoja mkutanoni aandike majina ya mtaa mzima, ili wengine wasisumbuliwe. Na karatasi za baraza zikaendelea kusema: kwa wingi, kwa kina, kwa kauli moja.

Ikaja siku ya masika, saa sita mchana. Mjini jua lilikuwa linawaka na nguo zilikuwa kwenye kamba. Milimani kulikuwa kweusi. Mchunga ng'ombe mmoja akashuka mbio, akaingia ofisini bila kubisha hodi, akasema mto umelibeba daraja la juu na unakuja. Wajumbe walikuwa kwenye kikao. Nawapa haki yao: siku ile waliogopa kwa kweli, na waliwahurumia watu kwa kweli. Mwenyekiti alitoka nje akapiga ukelele, "Mzee Sekwao, kimbia, waambie watu wapande juu!" Katika miaka yote ya utumishi wake, hilo lilikuwa tangazo la kwanza ambalo halikuwa limeandikwa mahali popote.

Sekwao alikimbia. Miguu ikampeleka barabara ya juu, kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyoizoea kwa miaka kumi na miwili. Akapuliza. Akautafuta mlio wa mto, ule aliofundishwa na baba yake, na midomo haikuukumbuka; ukatoka ule ule mmoja, wa mkutano. Akapuliza tena. Huko chini mikono ikanyooshwa, mmoja huku, mmoja kule, nyuani kwa watu, na kicheko kikapita nyumba hadi nyumba. Akapaza sauti, maji, maji, na sauti haikufika. Akapuliza tena na tena mpaka mdomo ukatoka damu. Hapo ndipo alipokumbuka milango. Akaiacha barabara, akaanza kuteremka kwenda Bondeni, pumzi imemwishia, sauti imemkauka, magoti yanamgonga.

Perusi alikuwa ametoa cherehani nje, kwenye kivuli cha ukuta, anashona sare za shule. Aliinua kichwa akamwona baba yake anashuka mbio na pembe mkononi. Akadhani sasa wamemtuma awafuate watu mpaka majumbani. Tangu asome ule muhtasari hakuwa amemwambia baba yake neno hata moja juu yake. Siku ile akalisema. Akanyoosha mkono wa kulia juu kabisa, kama walivyozoeshwa mikutanoni, akaita:

"Baba, rudi ukawaambie nimekubali!"

Sekwao alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Alipunga mikono, na binti yake alikuwa amekwisha kuinama na kulizungusha gurudumu la cherehani. Tuta likaachia pale pale Perusi alipopataja mkutanoni. Yule mzee alisimama katikati ya mteremko, na maji yakapita hatua chache chini ya miguu yake, yakiwa na milango, na mapaa, na watu.

Waliokufa Bondeni walikuwa kumi na mmoja. Perusi alipatikana siku ya tatu, mbali, kwenye shamba la miwa.

Wiki iliyofuata karani aliandika taarifa ya kupeleka mkoani. Ilisema: Wananchi walitahadharishwa kwa pembe kabla ya maji kufika, lakini hawakuitikia. Akamwita Sekwao atie saini kama shahidi. Sekwao aliisoma polepole. Alitafuta uongo ndani yake ili apate kukataa, akakosa. Katika karatasi zote alizopata kuzibeba, hii ndiyo iliyoandikwa baada ya jambo kutokea, na kila neno lake lilikuwa kweli. Akatia saini. Akaiweka pembe juu ya meza, akavua kofia na koti, akaenda nyumbani kwake, ambako hakukuwa na mtu wa kumletea chakula. Pembe ikafungiwa kabatini pamoja na namba yake, na akaajiriwa mtu mwingine, anayepita na kipaza sauti barabara ile ile ya juu.

Mimi sina la kuwafariji. Mmeniita niseme neno kabla ya kikao chenu, na nimelisema. Makabrasha yenu yako mezani, yamechapwa vizuri, na nje kuna watu wachache ambao bado wanakuja mkiwaita. Kabla hamjayafungua, nijibuni hili moja: Perusi alikufa siku ya maji, au alikufa Jumamosi ile, baba yake alipoikunja karatasi akaendelea na safari?