Kiti Kimoja cha Assunta

Hapo zamani, wala si zamani ya sultani na majini bali ile ya juzijuzi tu, wakati miji ya Wataliano ilipofurika wageni hata wenyeji wakawa wanapita ubavuni mwa kuta kama paka, alikuwako mwanamke wa Kigiriama aitwaye Dama Kahindi, na siku ya Alhamisi alikuwa na njaa.

Siku nyingine njaa haikumsumbua. Siku nyingine alikuwa ghorofani, katika mji wa Napoli, akimtunza bibi kizee ambaye masikio yake yalistaafu kabla ya mwenyewe. Alimlisha, alimwogesha, alimsimulia habari za kwao zisizosikika. Lakini Alhamisi, adhuhuri ikifika, desturi ya nchi ile ni kwamba mtunza wazee hupewa nusu siku yake. Hupewa apende asipende. Binti wa yule bibi huja, humfungulia mlango, humwambia nenda ukajifurahishe. Naye Dama hushuka ngazi akijiuliza mtu hujifurahisha vipi mahali ambapo hakuna anayelijua jina lake.

Lugha haikumpiga chenga. Kitaliano alikipata Malindi, kwenye mkahawa wa Wataliano, alikokuwa akisimama mlangoni na kuwaambia karibu, karibuni, piteni. Aliwakaribisha wafupi na warefu, waliokuja na wake zao na waliokuja kuwakimbia wake zao. Basi alipofika nchini mwao alidhani hatakosa mmoja wa kumrudishia karibu hiyo.

Akaenda mkahawa wa kwanza. Mhudumu akauliza, "Wangapi?" Akajibu, "Mmoja." Mhudumu akachungulia nyuma yake, huenda wengine wamejificha. "Tumejaa, signora." Na meza zilikuwa tupu, ila zilikuwa meza za watu wawili wawili, na mtu mmoja kwenye meza ya wawili ni hasara iliyojitandikia kitambaa mapajani.

Akaenda wa pili. "Wangapi?" "Mmoja." Huyu hata hakuchungulia.

Akaenda wa tatu. "Wangapi?" Dama akatamani kusema wawili, na kwamba huyo wa pili anatafuta pa kuegesha gari. Ulimi ukakataa. "Mmoja," akasema, na akaona mkono wa mhudumu ukimwonyesha barabara, kana kwamba hakuiona alipokuwa akija.

Akazunguka hivyo kati ya watalii waliokuwa wakizipiga picha sahani zao kabla ya kula, kama watu wanaotarajia kuitwa mahakamani kutoa ushahidi. Akazunguka mpaka akaingia kichochoro kimoja nyuma ya kanisa, akafika kwa Assunta.

Assunta alikuwa mwanamke wa kupika kwa hasira na kupakua kwa huruma. Ndani kwake hapakuwa na ukumbi. Palikuwa na jiko, na jiko lenyewe lilimbana. Nje palikuwa na meza moja, na kwenye meza hiyo kiti kimoja, na kukizunguka kiti hicho mstari wa chaki.

Kwa nini kiti kimoja? Kwa sababu vilikuwa viwili, kisha akaja bwana mmoja wa baraza la mji aliyeitwa Dottore Lobianco. Kule kila mwenye mkoba huitwa daktari, hata asiyeweza kutibu kikohozi. Kazi yake ilikuwa kupima meza na viti vilivyowekwa njiani. Akapima, akakuta kiti cha pili kimeingia njia ya umma kwa upana wa kiganja. Sheria ilitaka meza nzima iondoke. Dottore akaketi kwenye ngazi za kanisa, akasoma sheria, akasoma marekebisho ya sheria, akasoma marekebisho ya marekebisho, mpaka jua likamhama; ndipo akapata kifungu kimoja kilichosahauliwa, kinachoruhusu "meza ya mkaaji mmoja". Akaondoa kiti kimoja, akachora chaki kuzunguka kilichobaki, akaenda zake. Hakuna aliyemshukuru. Assunta alimsindikiza kwa maneno ambayo kifungu chake hakikupatikana.

Siku Dama alipotokea pale, aliyeketi kwenye kiti alikuwa mzee Ettore, aliyeendesha kiberenge cha mlimani maisha yake yote, akipanda na kushuka mlima uleule. Alikuwa akila maharagwe yaliyopikwa na tambi. Dama akasimama, si kwa ulafi, ila ile harufu ya maharagwe ilimshika mkono. Mzee akainua uma, akasema, "Favorisca."

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea. Kule kusini mwa Italia kuna adabu ya kale: anayekula akipitiwa na mtu humwambia favorisca, yaani karibu tule, na anayepita husema ahsante, akaendelea na safari yake. Ni salamu tu. Hakuna aliyewahi kuifuata mpaka kwenye sahani. Hata Malindi mjini mtu angesema starehe, akapita. Lakini Dama alilelewa Kakoneni, na nyanyake, aliyemlea, na aliyekula kwa kelele mpaka siku ya kufa, alimfunza kwamba chakula ulichokaribishwa huonjwa, hata tonge moja. Ukikataa umemwambia mwenzio mkono wake si safi.

Basi Dama akaingia jikoni, akanawa mikono. Mzee akadhani ameondoka. Akarudi akijifuta, akasimama mbele yake, anangoja.

Ettore akautazama uma wake. Akamtazama mwanamke. Hakuwahi maishani mwake kukaa na mwanamke amesimama, akainuka. Dama akaketi. Assunta alipochungulia alimkuta mgeni asiyemjua yuko kitini anakula, na mteja wake wa miaka yuko ukutani ameshika glasi ya divai kama aliyepewa adhabu shuleni. Akaleta uma wa pili bila kuuliza.

Alhamisi iliyofuata Dama akawahi. Alipomwona mzee akija, akamwambia favorisca, naye mzee, kwa adabu ya kwao, akashukuru na kukataa. Dama akaweka uma chini, akafumba mikono. Chakula kikapoa. Mzee akauliza kulikoni. Akajibiwa kwamba kwao mtu hali peke yake mbele ya aliyemkaribisha. "Kwenu watu hushibaje?" akauliza mzee. "Hushiba pamoja," akasema Dama, "au hawashibi." Ikabidi Ettore ale.

Hivyo ikawa desturi yao: mmoja ameketi, mmoja amesimama, kisha wanabadilishana. Mzee alimsimulia kiberenge, Dama alimsimulia mnazi, ile pombe ya kwao inayonywewa kwa mrija, na jinsi mnywaji wa peke yake anavyochekwa na watoto. Jambo dogo. Lakini Dama alianza kuihesabu wiki kutokea Alhamisi.

Dottore Lobianco akapita kukagua chaki yake, akakuta kiti kimoja na watu wawili. Akatoa futi. Dama akamwambia karibu. Dottore akayatazama maharagwe kwa muda ambao sheria haikuutaja, akasema haruhusiwi kula kwa anaowakagua. Alhamisi iliyofuata akarudi bila mkoba wala tai, akaeleza kwamba yuko mapumzikoni, na mtu aliye mapumzikoni, kisheria, hayupo. Wakampa uma wa tatu. Kwa mtu asiyekuwapo, alikula vizuri sana.

Wakaenda hivyo, mmoja kitini na wawili ukutani, mpaka baraza la mji lilipochoka na wageni kukwama vichochoroni. Likatoa amri mpya: meza zote za vichochoroni ziondoke, isipokuwa ile yenye mkaaji wa kudumu, ambaye jina lake limepakwa rangi mgongoni mwa kiti. Mwenye jina atakula. Mwingine yeyote akikikalia, au akisimama kando yake na uma, huo ni mkusanyiko, na meza itaondoka siku hiyohiyo.

Aliyeleta habari hiyo alikuwa Dottore mwenyewe. Alikuja Alhamisi, na mkoba, na tai, na kopo la rangi nyeupe na brashi. Akamwambia Assunta, bila kumtazama, kwamba mwenye mkahawa ndiye anayetaja jina, na mwisho ni leo.

"Jina moja?" akauliza Assunta.

"Moja."

"Na hiyo sheria yako haina marekebisho?"

"Nimetafuta," akasema Dottore. "Nimetafuta kuliko mara ya kwanza."

Kiti kilikuwa kitupu katikati yao, na mara hiyo hakuna aliyekikalia. Ettore ndiye aliyeanza, akiwa amevua kofia.

"Kile kiti kilichoondolewa kilikuwa cha mke wangu. Nyote nimewaambia Rosaria anarudi wiki ijayo. Rosaria alikwenda Kanada kumlea mjukuu, na mjukuu sasa ananyoa ndevu. Lakini akirudi, hana ufunguo wa nyumba. Atakuja hapa, Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku tuliyokuwa tukila nje. Asiponikuta hapa atanikuta wapi? Sidai kiti. Nadai mahali pa kungojea."

"Rosaria angekuwa wa kurudi," akasema Assunta, "angerudisha bakuli langu." Lakini alilisema taratibu, na akajifanya anafuta meza.

Dottore akakohoa. Akasema yeye ni mtumishi wa umma na haifai aseme, kisha akasema. Meza hii ingekuwa kuni zamani kama si yeye na zile ngazi za kanisa. "Nikiingia mkahawa wowote wa mji huu, wanaficha viti. Wakinipakulia kidogo, wananichukia. Wakinipakulia kingi, wananihonga. Nimekula mkate wa mkobani maisha yangu yote ya utumishi, nimegeukia ukuta. Hapa peke yake adhabu nilikwisha kuitoa. Kwa hiyo hapa peke yake hakuna anayeniogopa."

Ikabaki zamu ya Dama. Alikuwa amepanga maneno mazuri. Alitaka kusema kwamba kabla hajafika, pale palikuwa na mzee anayekula kimya na afisa anayepima kimya, na kwamba favorisca ya mzee ilikuwa salamu tupu mpaka yeye alipoijaza. Alitaka kusema kwamba kama kiti kile kimekuwa kitu cha kugombewa, ni yeye aliyekifanya hivyo. Akayasema, lakini yalitoka machache, na katikati mzee Ettore akakubali kwa kichwa, akasema ni kweli, siku ile hakumaanisha.

"Lakini uliinuka," akasema Dama.

"Niliinuka," akasema mzee.

Ndipo Dama akasahau yote aliyoyapanga. "Mzee ana nyumba na ana mtu wa kumngojea, hata kama haji. Dottore ana mji mzima wa kupima. Mimi nina Alhamisi. Siku nyingine zote naitwa wewe. Hapa mama Assunta husema, 'Dama huyo,' nikiwa bado kwenye kona. Mkinitoa, nitasimama tena mlangoni niulizwe wangapi. Nitajibu mmoja."

Baada ya hapo hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mmoja alikuwa amesema kwa sauti jambo ambalo mtu hujisemea akiwa kitandani, na sasa walikuwa na haya, kama watu waliokutana bafuni. Assunta akaingia jikoni. Sufuria ziligongana kwa muda mrefu. Akatoka na sahani moja ya maharagwe na tambi, uma mmoja, akasimama mlangoni. Dottore akafungua kopo, akachovya brashi, akapiga goti nyuma ya kiti.

"Haya, signora Assunta," akasema. "Jina."

Assunta akafumbua mdomo.

Na wakati huohuo akaingia kichochoroni mtalii, mwanamke mwenye kofia pana na ramani iliyokunjwa vibaya. Hakuwa na mwenzi nyuma yake, Dama alichungulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuulizwa wangapi, na Dama aliujua uso ule kama anavyoujua wake. Mgeni akaona meza, akaona kiti kitupu, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, akauliza kwa Kitaliano cha kitabuni kama kiti kile kina mtu.

"Kina," wakajibu wote watatu kwa pamoja.

Mgeni akaomba radhi, lakini mkono hakuuondoa, maana kiti alikiona kitupu. Akawatazama mmoja mmoja: mzee aliyeshika kofia, afisa aliyepiga goti na rangi ikimdondokea kiatuni, mwanamke mweusi aliyebana midomo ili neno karibu lisimtoke. Akauliza tena, kwa upole, ni nani.

Sahani inapoa mkononi mwa Assunta. Brashi inakauka. Haya, ninyi mlioketi vizuri, kila mtu na kiti chake: yuko anayengoja, yuko aliyekiokoa kiti, yuko aliyekipa maana. Mjibuni mgeni. Je, kile kiti nani alikistahili?