Vigae vya Jubilei

Kaeni, jamani. Leo msitegemee niwachekeshe. Nimepanda mimbarini nimekasirika, na nisiposema nitarudi nayo nyumbani hasira hii nimpe mke wangu asiye na kosa.

Kulikuwa na parishi moja ya Kianglikana iliyokuwa inakaribia kutimiza miaka mia. Ilikuwa na jambo moja la kujivunia: tangu mwinjilisti wa kwanza alipoezeka nyasi pale, Sala ya Asubuhi haikuwahi kukosa kusaliwa ndani ya kanisa lile hata siku moja. Iwe mvua, iwe njaa, iwe msiba, kengele iligongwa. Na kengele yenyewe kipande cha reli tu, kimening'inizwa kwa mnyororo.

Miaka ile ya mwisho aliyeigonga alikuwa bibi mmoja mjane. Kazi aliipokea kwa mama mkwe wake, ambaye siku ya kufa kwake alimwekea Kitabu cha Sala mikononi akamwambia, "Hata ukiwa peke yako, usiache." Na kweli, mara nyingi alikuwa peke yake. Wenzake walikuwa wapi? Msiniangalie hivyo, mnajua walikuwa wapi.

Basi kamati ya jubilei ikakaa. Wakaandika kitabu cha historia, wakachagua vitenge, wakaagiza jiwe la marumaru lichongwe: KATIKA KANISA HILI SALA YA ASUBUHI HAIJAKATIKA KWA MIAKA MIA MOJA. Halafu wakaona sakafu ya saruji itawaaibisha mbele ya wageni, wakaamua kuweka vigae. Jumatano ya Majivu wakafunga kanisa kwa kufuli, ibada za Jumapili zikahamia ukumbi wa shule. Fundi alimaliza kwa wiki mbili. Kufuli likabaki palepale, eti vigae visichafuke kabla Askofu hajaviona!

Bibi akaenda kwa mwenyekiti wa kamati. "Mwanangu, nifungulie robo saa tu kila asubuhi. Viatu nitavua."

"Bibi, miguu yako ina matope. Mungu yuko kila mahali, sali nyumbani."

"Kama kila mahali panatosha, hivyo vigae mmemwekea nani?"

Mwenyekiti akacheka, akamtoa mpaka getini kwa heshima zote. Hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi, hiyo heshima! Bibi akaanza kusali kwenye ngazi, mbele ya mlango uliofungwa, kanga begani, umande unamlowesha. Watu wa kamati walikuwa wanampita wakienda kupaka rangi ukuta. Wanamsalimu, "Shikamoo, Bibi," wanaruka miguu yake, wanaendelea na jubilei.

Ikafika Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Saa tatu kufuli likatolewa, utepe ukakatwa, kwaya ikaingia, vigae vikang'aa. Askofu akafunua jiwe ukutani, akalisoma kwa sauti, machozi yakamlengalenga. Akageuka akasema, "Miaka mia! Nionyesheni mtu aliyesali humu leo asubuhi, nimshike mkono."

Kamati nzima wakawa wanaangalia vigae vyao.

Bibi akainuka kule nyuma. "Baba Askofu, humu leo hajasali mtu. Palifungwa. Mimi nimesali nje, siku hamsini na nne pamoja na hii ya leo. Nisamehe, niliahidi nisiache, nikashindwa."

Mmesikia? Yeye ndiye aliyeomba msamaha!

Mwenyekiti akamnong'oneza Askofu, "Baba, ngazi nazo si ni za kanisa? Tuhesabu tu."

Askofu akauliza fundi wa jiwe yuko wapi. Alikuwepo, amevaa suti. Akaambiwa alete patasi na nyundo, na waumini wote wakasimama, wageni na vitenge vyao, wakisikiliza jiwe linavyogongwa mpaka mstari mpya ukakamilika chini ya ule wa kwanza: ISIPOKUWA SIKU HAMSINI NA NNE, KWA AJILI YA VIGAE.

Sasa ninyi mnacheka. Mnamcheka mwenyekiti, sivyo? Haya, tucheke wote, kisha tujiangalie.

Sisi mwakani tunatimiza miaka themanini. Kamati yetu imeniletea karatasi yenye maneno ya jiwe letu: NYUMBA YA SALA KWA VIZAZI VYOTE. Ninayo hapa mfukoni. Nani alisali ndani ya nyumba hii ya sala Jumanne iliyopita? Jumatano je? Njiwa! Njiwa ndio walikuwa humu. Na mimi mchungaji wenu, niliyeahidi mbele ya Askofu kusali humu kila asubuhi, nilikuwa nyumbani kwa mzee wa kanisa tunabishania rangi ya kitenge. Kufuli la mlango huu lina kutu, na sisi tumeenda kununua zulia!

Kwa hiyo karatasi hii simpi fundi. Nitakaa nayo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitafungua mlango huu kwa mkono wangu, na sitauliza nani amevaa nini. Njooni na matope yenu.