Viatu vya Lugendo

Muswada wa kulinda maeneo ya urithi ulidai jambo moja: mahali pawe panaheshimiwa na watu hadi leo. Tajiri Lugendo alitaka kukivunja kilima cha Isela apate kokoto, kwa hiyo kamati ya Bunge ilipokuja kukikagua, alifuatana nayo ili apinge.

Chini ya kilima alimkuta mtani wake Nyamizi, mfinyanzi, ameshavua viatu kama kila anayepanda Isela.

"Mtani, unapanda na viatu?"

"Mambo ya kizamani hayo. Siyaamini."

"Najua. Lakini mama yako yule anakutazama. Utamwaibisha mbele ya wageni."

Lugendo alimtazama mama yake, akavua.

"Lete nikubebee," alisema Nyamizi. "Tumbo lenyewe linakutosha."

Kileleni, Lugendo aliiambia kamati, "Haya ni mawe tu. Hakuna anayeyaheshimu siku hizi."

"Yupo wa kumpinga?" aliuliza mwenyekiti.

Nyamizi aliinua viatu vyeusi vya ngozi.

"Mheshimiwa, mimi simpingi. Naomba tu mwenye viatu hivi aje avivae hapahapa, mama yake akiona."

Lugendo alishuka pekupeku.