Kikao cha Kuwajadili Wagonjwa Watoro

Hii nimeletewa na shemeji yangu, naye aliletewa na mtu aliyekuwa amekaa kwenye foleni ya hospitali. Isome, ucheke, kisha mpelekee yeyote anayeuguza au anayetibu.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, Bi. Nyamizi, mshonaji wa sare za kwaya. Mumewe, Mzee Maganga, alikuwa mrina asali. Mwaka huo Mzee Maganga alianza kukonda, ubavu wa kulia ukawa unamuuma, hata asali yenyewe ikamchukiza. Walipokwenda kupimwa katika hospitali kubwa ya mkoa, alikutwa na uvimbe kwenye ini. Ilikuwa saratani.

"Ugonjwa ni mbaya, lakini uvimbe bado mdogo," daktari wa zamu aliwaambia. "Mkiwahi, unaweza kukatwa. Msikose kliniki ya Jumanne."

Wakapewa kadi ya miadi iliyochapwa na kompyuta mpya. Jumanne wakafika mapema, nusu saa kabla. Kliniki imefungwa! Mlinzi akawaambia madaktari wameshaondoka, waende dirishani wakachukue kadi nyingine. Wakapewa ya wiki mbili mbele. Waliporudi, mambo yakawa yale yale.

"Madaktari wa hapa watoro," Mzee Maganga alinung'unika.

"Nyamaza, baba Kabula. Tukiwasema watatuchukia."

Bi. Nyamizi mtaani kwao hakuwa mtu wa kunyamaza, lakini hospitali ilimfunga mdomo. Hata hivyo, kila alipoipunguza suruali ya mumewe kiunoni, aliona sindano imeingia vidole viwili zaidi ya mara iliyopita.

Mara ya tatu, wakiwa bado wanabembelezana na mlinzi getini, alitokea mtu mwenye tai anakimbia huku jasho likimtoka. Alikuwa Bw. Shilinde, katibu wa hospitali.

"Kuna mgonjwa yeyote wa ini hapa? Na mtu anayemuuguza?"

"Sisi hapa," Bi. Nyamizi alijibu.

"Mungu mkubwa! Twendeni haraka, mnasubiriwa."

Akawaingiza kwenye chumba chenye baridi, meza ndefu na chupa za maji. Kuizunguka meza walikaa madaktari tisa.

Mzee Maganga alisimama mlangoni kinywa wazi. "Mama Kabula, tisa! Leo ini langu litaonekana mpaka mizizi." Palepale akaanza kufungua vifungo vya shati. Kitanda hakukiona, ila meza ilionekana imara, basi akapandisha goti moja juu yake.

"Mzee! Mzee!" Bw. Shilinde alimdaka. "Shuka, hiki ni kikao!"

Ndipo wakaelezwa. Ulikuja mwongozo mpya, kwamba kamati ya kuboresha matibabu ya saratani lazima iwe na mgonjwa na anayemuuguza. Bila sahihi zao, taarifa ya kikao ingerudishwa.

"Sasa kazi yetu ni nini?" Bi. Nyamizi aliuliza.

"Kusaini hapa na hapa. Soda zipo."

Mwenyekiti alikuwa Dk. Rweikiza, bingwa wa maradhi ya ini, mtu wa huruma lakini mwenye hotuba ndefu. Siku hiyo alikuwa na uchungu wa kweli.

"Ndugu zangu," alisema, "tangu mwezi Machi nusu ya wagonjwa wetu wa saratani ya ini hawaji kliniki. Asubuhi yote tunakaa tunatazama viti vitupu. Saratani haina subira. Kwa nini wagonjwa hawa wanatutoroka?"

Daktari wa kwanza akasema wanaogopa kisu. Wa pili akasema wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji. Wa tatu akasema ni uhaba wa elimu, akaomba miaka miwili ya kufanya utafiti. Wa nne alitaka libandikwe getini bango kubwa lenye picha ya ini linalolia machozi.

Bi. Nyamizi akanyoosha mkono.

"Mama, maoni ya wananchi ni kwenye mengineyo," Bw. Shilinde alimnong'oneza, akamwongezea soda.

Wakabishana kuhusu bango kwa muda mrefu, hasa kama ini lichorwe na macho mawili au moja. Hatimaye yakafika mengineyo.

"Haya mama, kwa kifupi."

"Mimi nauliza tu, daktari. Mume wangu ataonwa lini?"

"Miadi yake ni lini?"

"Leo."

Dk. Rweikiza akafungua daftari la kliniki, akashuka na kidole. "Maganga... leo hakuja. Wiki mbili zilizopita hakuja. Na kabla ya hapo hakuja. Pole mama, lakini mumeo ni mtoro."

Macho yote yakamgeukia Mzee Maganga, aliyekuwa na mrija mdomoni.

"Mtoro gani huyu," Bi. Nyamizi alisema, "anayekunywa soda mbele yenu?"

Akaitoa kadi kwenye mkoba, akaisukuma mezani. "Tumefika saa nane kasoro, mara zote tatu. Kama mlivyoandika."

Dk. Rweikiza akaisoma. Saa 8:00. Akatabasamu kwa upole. "Mama, hii ni saa mbili asubuhi. Kompyuta inahesabu Kizungu."

"Kompyuta inahesabu Kizungu, mume wangu anaumwa Kiswahili."

Daktari yule wa utafiti akaguna. "Lakini jambo dogo kama hilo, mtu yeyote aliyesoma angeelewa."

Bi. Nyamizi aliokota karatasi iliyokuwa mezani, barua ya mwaliko wa kikao, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani: "Wajumbe wote mnaombwa kufika ukumbini saa 8:00 kamili bila kukosa."

Akaishusha.

"Nyinyi mliosoma, mmefika saa ngapi?"

Wote tisa walikuwa wamefika saa nane mchana. Mmoja akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, akakaa huko.

"Ile kompyuta," Dk. Rweikiza aliuliza polepole, "ililetwa lini?"

"Machi," Bw. Shilinde alijibu.

Kikao kikafungwa hapo hapo. Dk. Rweikiza mwenyewe alimshika mkono Mzee Maganga, akampeleka chumba cha vipimo. Uvimbe ulikuwa umekua, lakini ulikuwa bado wa kukatika. Mwezi haukuisha, akapasuliwa. Leo amerudi kwenye mizinga yake, ingawa kazi nzito bado hajaruhusiwa.

Kadi zikaanza kuandikwa kwa maneno: saa mbili asubuhi. Dk. Rweikiza akachukua orodha ya watoro wote, watu arobaini na mmoja, akawapigia simu mmoja mmoja. Wengi walirudi. Wanne walikuwa wameshazikwa. Kwa mmoja wao simu ilipokelewa na mtoto wake.

"Tulikuja na mama mara tatu, daktari. Tulikuta mmefunga. Hatukutaka kuwasumbua."

Simu ilipokatika, Dk. Rweikiza alichukua kalamu, akalifuta neno "mtoro" mbele ya jina la mama huyo.

Kikao kilichofuata, Bi. Nyamizi na mumewe walialikwa kwa barua, wakawekewa viti karibu na mwenyekiti.

"Leo tunaanza na wagonjwa na wanaowauguza," Dk. Rweikiza alisema. "Mama, uwanja ni wako."

"Sema kwa upole," Mzee Maganga alimnong'oneza mkewe.

Bi. Nyamizi akasimama, akaweka sawa kitenge chake. "Wagonjwa wa utrasaundi mnawaambia waje bila kula tangu jana yake. Sawa. Sasa nani aliyeliweka benchi lao mbele ya dirisha la jiko la chapati?"

Kalamu tisa zikaanza kuandika kwa pamoja.

Funzo: Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Ukitaka kuboresha matibabu, usimwite mgonjwa na anayemuuguza waje kusaini tu. Waulize, na uwaulize kwanza, maana dawa ya tatizo lako huenda imekaa hapo pembeni inakunywa soda ikisubiri mengineyo.