Kunguni wa Fundi Shemboko

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mmeusikia msemo huu leo, wajukuu zangu, mkacheka, mkauliza ni nani huyo aliyeumwa na kunguni hata watu wakapata la kusema. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Fundi Shemboko alikuwa mtengeneza vitanda vya kamba, na hakuna alichojivunia kama kitanda cha wageni kilichokuwa chumba cha mbele. Alikichonga kwa mninga, akakisuka kwa kamba alizozisokota mwenyewe. Yeye na mkewe Mwanjaa walilala kwenye kitanda cha miti mitupu. Kile kizuri ni cha wageni, ndivyo desturi ilivyo. Na wageni nao wana adabu zao. Wakiulizwa wameamkaje, hujibu, "Salama, tumelala kama watoto." Kisha wanaaga mapema.

Mwanjaa alipojifungua mtoto wa kwanza, mama yake, Bi Mwanakombo, alikuja kumwangalia mpaka arobaini itimie. Fundi alishukuru kweli kweli, maana yeye hata kumshika mtoto aliogopa, ile shingo ilivyokuwa ikilegea. Lakini asubuhi ya pili tu mkwewe akasema amewakumbuka kuku wake, kesho atarudi kwao.

Fundi akaumia moyo. Akamfuata mkewe jikoni.

"Nimemkosea nini mama?"

"Hujamkosea. Usiku kucha anajikuna. Kitanda kina kunguni."

"Kitanda changu mimi? Kila tundu la kitanda kile nimelitoboa kwa mkono huu! Nimekigonga, nimekimulika kwa taa, hakina hata sisimizi!"

"Umekigonga, umekimulika. Umekilalia?"

"We Mwanjaa! Nilalie kitanda cha mkwe?"

"Nitatoa shuka na mkeka, ukipeleke kwenye kibanda chako cha kazi. Huko si cha mkwe tena, ni mbao zako. Ukiamka bila alama, nitamwambia mama anadeka. Ukiamka nazo, tafuta dawa leo hii, maana akiondoka, mtoto utamwogesha wewe."

Fundi akakibeba kitanda hadi kibandani, akavua shati, akajilaza. Lo, raha! Kamba zilimpokea vizuri, akatabasamu, akafumba macho. Kitu kikamtekenya ubavuni. Akajisemea, jasho hilo. Kikamtekenya shingoni. Akajisemea, vumbi la mbao. Halafu mgongo mzima ukawaka moto kama uliopakwa upupu. Kunguni wale walikuwa na njaa, hawakuwa na subira ya kungoja giza.

Fundi akachomoka nje kifua wazi, akaenda kujisugua kwenye nguzo ya nyumba kama ng'ombe. Kumbe Bi Mwanakombo yuko pale pale uani, anampaka mtoto mafuta.

Bibi wa watu akajifunika uso kwa kanga. Heshima haikumruhusu kusema na mkwe aliye katika hali ile, basi akasema na mtoto.

"Mjukuu wangu, hebu mwulize baba yako ameamkaje."

Fundi akafungua mdomo ajibu salama, kama wageni wote. Neno likamgomea.

"Mwambie bibi," akasema huku akijikuna, "baba hakulala."

Kanga ikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Na umwulize bibi, mbona hakuniambia?"

"Mwambie baba, ningesemaje, naye kitanda chake anakijua tundu kwa tundu? Hata ningesema nawashwa, angesikia neno tu. Muwasho wenyewe haumfiki ila mwenye mgongo."

Siku ile ile yalichemshwa maji, yakamiminwa kwenye kila tundu, kitanda kikaanikwa juani mpaka kamba zikakauka kau. Bi Mwanakombo akakaa hadi arobaini ikatimia, na kuku wake hawakufa. Fundi naye akafundishwa kumshika mtoto, mkono mmoja chini ya shingo.

Baadaye, barazani, jirani mmoja akawa anamsema mkaza mwanawe. "Analia nini yule? Nyumba nzuri, chakula tele, mume mpole. Mimi naona hana shida yoyote."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Fundi Shemboko peke yake hakuitikia. Alijikuna begani, ingawa siku hiyo hakuwa na kunguni, akamwambia, "Ndugu yangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."